Profesa Smith na Samaki Aliyebaki Ngozi

Wengi wetu tulioko Gitega na Muyinga humfahamu samaki akiwa amekwisha kukauka. Ndagala huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa katika ziwa Tanganyika, huanikwa juani huko Rumonge na kwenye fukwe nyingine za ziwa, kisha hupandishwa milimani kwa magunia mpaka masokoni kwetu. Mukeke na sangala nao hufika, ila kwa bei inayomfanya askari afikiri mara mbili. Ukaushaji wa namna hiyo ni wa kitoweo. Iko namna nyingine ya kumhifadhi samaki, nayo ni ya fahari: mvuvi aliyempata samaki asiye na kifani humpeleka kwa fundi, fundi humchuna, huijaza ngozi yake, huipaka rangi na kuipachika juu ya ubao, ili kila aingiaye aione. Nyara ya namna hiyo, iliyotengenezwa katika mji wa bandari wa East London, Afrika ya Kusini, ndiyo iliyoyageuza maisha ya Profesa J.L.B. Smith, ambaye habari zake tunazileta leo.

Jina lake kamili lilikuwa James Leonard Brierley Smith. Alizaliwa tarehe 26 Septemba 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, ulio bara kwenye nyika kame ya Karoo, mbali na bahari. Alisomea kemia. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto alivaa magwanda akaletwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani. Wanaojua historia ya vita ile wanakumbuka kwamba homa na njaa viliangusha watu wengi kuliko risasi. Kijana Smith aliangushwa na malaria na kuhara damu, akaokolewa hospitalini, lakini afya yake haikupata kuwa kamili tena mpaka siku ya kufa kwake. Ni vita hiyo hiyo ambayo mwezi Juni 1916 iliwafikisha hapa Gitega, ambayo siku hizo ikiandikwa Kitega, majeshi ya Wabelgiji yaliyojaa askari wa Kikongo.

Baada ya vita alikwenda Uingereza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1922, kisha akarejea kwao kufundisha kemia katika Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown. Kemia ilikuwa kazi yake ya mshahara. Samaki walikuwa mapenzi yake tangu utoto, alipoanza kuvua kwa ndoana. Likizo zote alizitumia pwani, akipima mapezi na kuhesabu magamba, na kuanzia miaka ya 1930 alikuwa akiandika makala za kitaalamu juu ya samaki. Makumbusho madogo ya pwani yalimtegemea kama mshauri asiyelipwa: wakipata samaki wasiyemjua, humwandikia Smith. Waliomfahamu walisema alikuwa mtu mkavu, mwepesi wa hasira, mwenye nidhamu kali juu ya chakula chake na wakati wake, mtembeaji wa mwendo mrefu licha ya maradhi. Mwaka 1938 alimwoa Margaret Macdonald, aliyekuwa mwanafunzi wake wa kemia, naye tutamkuta tena mbele.

Sasa twende East London. Makumbusho ya mji huo yalikuwa chini ya binti mmoja, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyeajiriwa mwaka 1931 na ambaye mwaka 1938 alikuwa na umri wa miaka 31. Fedha za makumbusho zilikuwa kidogo mno. Alikuwa amepatana na Nahodha Hendrik Goosen wa meli ya uvuvi iliyoitwa Nerine kwamba samaki wa ajabu wasitupwe, wawekwe kando ili ayatazame yeye. Tarehe 22 Desemba 1938 Nerine iliingia bandarini baada ya kukokota nyavu karibu na mlango wa mto Chalumna, kwenye kina cha mita zipatazo sabini. Simu ikapigwa makumbusho. Binti huyo alikuwa na kazi nyingi, lakini akaona si vyema asiende kuwatakia mabaharia heri ya Krismasi.

Chini ya lundo la papa na takataka za bahari aliona pezi la buluu. Alipoondoa utelezi akakuta samaki ambaye hajapata kumwona: urefu wake karibu mita moja na nusu, uzito kilo 57 na nusu, rangi ya buluu ya chuma yenye madoa meupe, magamba magumu kama ngao, na mapezi manne yaliyosimama juu ya vikonyo vya nyama mfano wa miguu. Mkia wake ulikuwa na kishungi kidogo katikati. Yeye na msaidizi wake Mwafrika aitwaye Enoch walimtia ndani ya gunia. Dereva wa teksi alikataa kumpakia samaki anayenuka, wakabishana, mwishowe akakubali. Mwenyekiti wa bodi ya makumbusho alipoonyeshwa alidharau, akasema ni chewa wa kawaida tu.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, na wasomaji wetu wa polisi watauelewa upesi kuliko wengine, maana ni ugumu wa kutunza kidhibiti. Ilikuwa Desemba, ambayo huko kusini ni kiangazi. Samaki mkubwa kiasi hicho huanza kuoza ndani ya saa chache, na huoza kuanzia tumboni. Binti alimpeleka samaki kwa mkokoteni kwenye chumba cha maiti: akakataliwa. Akaenda kwenye bohari la barafu: akakataliwa. Hakuwa na cheo cha kumlazimisha mtu yeyote, wala mkubwa wa kumwunga mkono. Akabaki na njia moja, nayo ni fundi wa mji ajuaye kuhifadhi wanyama, Bwana Robert Center.

Inafaa kueleza kazi ya fundi kama huyo, kwa sababu watu wengi hudhani ni kumkausha samaki mzima. Sivyo. Samaki huchaguliwa ubavu ulio safi zaidi, na huo ndio utakaotazamwa. Ubavu wa pili hupasuliwa kwa urefu. Nyama, mifupa na matumbo hutolewa pole pole, kichwa hukwanguliwa mpaka mashavuni, macho hung'olewa. Ngozi iliyobaki hupakwa dawa ya kuzuia wadudu na uozo: zamani ilitumika sabuni yenye aseniki, sumu iliyowadhuru mafundi wengi, na siku hizi hutumika zaidi boraksi. Kisha ngozi huvishwa juu ya umbo la mti au la plasta lililochongwa kwa vipimo vya samaki mwenyewe, hushonwa, mapezi hutanuliwa na kubanwa kwa vipande vya karatasi ngumu mpaka yakauke, na jicho la kioo hutiwa mahali pa lile la asili. Rangi ndiyo hufa kwanza. Ngozi ya samaki ikikauka hugeuka kahawia au kijivu, kwa hiyo buluu na fedha mzionazo kwenye nyara za wavuvi ni kazi ya brashi. Mafuta nayo ni adui mkubwa: yakisalia chini ya ngozi huendelea kuvuja kwa miaka.

Nyara, basi, ni ngozi, mapezi na sehemu ya kichwa. Mengine yote hutupwa. Kwa mvuvi anayetaka kuwaonyesha rafiki zake hakuna hasara. Kwa mtaalamu, nusu kubwa ya samaki imekwenda jalalani.

Marjorie alilijua jambo hilo, ndiyo maana hakumwambia fundi achune mara moja. Walimzungushia samaki magazeti na shuka vilivyoloweshwa kwa formalini, dawa ya kuzuia uozo ambayo hutumika kwa kuchanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Lakini formalini iliyopatikana mjini ilikuwa kidogo sana, na dawa iliyo nje ya samaki mwenye magamba kama ngao haifiki tumboni. Samaki wa ukubwa huo hupaswa kudungwa sindano za formalini ndani ya misuli na tumbo, kisha kuzamishwa zima zima katika pipa. Pipa halikuwapo. Tarehe 23 Desemba Marjorie alimwandikia Smith barua, akachora samaki kwa kalamu, mchoro wa haraka usio na madaha, lakini wenye kila alama iliyohitajika.

Barua ilisafiri kwa mwendo wa posta ya Krismasi. Smith hakuwa Grahamstown. Alikuwa likizoni Knysna, mamia ya kilomita mbali. Siku zikapita bila jibu. Mafuta yakaanza kumwagika kutoka kwa samaki, harufu ikazidi, na walipofunua shuka wakaona dawa haikuingia ndani. Siku chache baada ya Krismasi Bwana Center akaambiwa afanye kazi yake. Akamchuna samaki kwa ustadi, akahifadhi ngozi na sehemu za kichwa, akatupa yaliyosalia. Picha zilizopigwa kabla ya hapo ziliharibika.

Smith aliipokea barua tarehe 3 Januari 1939. Alipoutazama mchoro alitambua kitu ambacho akili yake ilikataa kukikubali. Mapezi yenye vikonyo na mkia wenye kishungi alikuwa ameviona vitabuni, lakini katika picha za visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Jamii hiyo ya samaki, silikanti, iliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza katika karne ya 19, na wote walikubaliana kwamba ilitoweka pamoja na madinosari, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Ilikuwa kana kwamba mtu wa Muyinga ameandika barua kuuliza jina la mnyama aliyemkuta kandokando ya mto Ruvubu, na mchoro wake ukawa wa dinosari. Siku hiyo hiyo Smith akapeleka simu ya maandishi East London, akisihi mifupa na matamvua vihifadhiwe kuliko kitu kingine chochote.

Simu ilichelewa. Marjorie alikwenda kuuliza matumbo yako wapi, akaambiwa taka za mji zimekwisha kumwagwa baharini. Wako walioandika baadaye wakimlaumu fundi, na wengine wakimlaumu binti. Kwa maoni ya mwandishi huyu, lawama hizo hazina msingi. Fundi alitimiza agizo alilopewa. Binti aliokoa alichoweza kuokoa akiwa na gunia, mkokoteni na magazeti, wakati wenye barafu na vyeo walikuwa wamemfungia milango. Kama angemsikiliza mwenyekiti wake, hata ngozi isingebaki.

Smith naye aliteseka. Akitangaza kwamba silikanti yu hai kisha ikaonekana amekosea, jina lake lingekuwa kichekesho cha dunia. Akinyamaza, mwingine angetangaza. Alitumiwa magamba, akayachunguza, shaka ikapungua. Tarehe 16 Februari 1939 aliingia makumbusho ya East London na kusimama mbele ya samaki aliyekuwa tayari amejazwa na kupachikwa. Hapo hakuwa na shaka tena. Alimpa jina la kisayansi Latimeria chalumnae, neno la kwanza kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer, la pili kwa heshima ya mto Chalumna. Habari yake ilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi. Samaki alipofunguliwa kwa umma maelfu ya watu walipanga mstari kumtazama.

Walichokiona kilikuwa ngozi, na maswali makubwa yalihusu ndani. Samaki huyu alikuwa jamaa wa mbali wa wale waliotoka majini na kuwa wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne. Je, ana pafu? Moyo wake una umbo gani? Hutaga mayai au huzaa? Uti wake wa mgongo ni mfupa? Hakuna swali hata moja kati ya hayo ambalo nyara ya ukutani ingeweza kulijibu. Ndiyo maana Smith, aliyekuwa na umri wa miaka 41 na kazi nzuri ya kemia, aliamua kumtafuta silikanti wa pili. Ilimchukua miaka 14.

Vita Kuu ya Pili ilimzuia kwa miaka kadhaa. Mwaka 1946 aliacha kufundisha kemia, akawa mtafiti wa samaki moja kwa moja. Yeye na mkewe walizunguka pwani ya Msumbiji, Zanzibar, Pemba na Kenya, wakilala kwenye mahema na mashua, Margaret akichora kila samaki kwa rangi kabla rangi haijafifia. Huo ulikuwa uhifadhi wa aina nyingine, maana brashi yake iliweka kile ambacho formalini hufuta. Mwaka 1949 walitoa kitabu kikubwa cha samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika. Katika safari hizo Smith alitumia hata baruti kuwapata samaki wa miambani, jambo ambalo siku zile halikumshangaza mtu. Leo tunajua baruti huua makulia ya samaki pamoja na matumbawe, na serikali za pwani yetu zimepambana nayo kwa miaka mingi.

Jambo la maana zaidi alilolifanya lilikuwa la karatasi tu. Alichapisha tangazo lenye picha ya samaki katika Kiingereza, Kifaransa na Kireno, likiahidi pauni 100 kwa kila mmoja wa samaki wawili wa kwanza. Wanajeshi na polisi tunajua thamani ya tangazo la kumtafuta mtu lenye picha wazi na zawadi inayotajwa kwa hesabu. Humo alitia pia agizo ambalo lilitokana moja kwa moja na msiba wa mwaka 1938: samaki asikatwe wala asisafishwe, apelekwe mzima kwenye barafu au kwa mtu mwenye madaraka. Vikaratasi hivyo vilisambazwa pwani nzima.

Mwaka 1952, wakiwa Zanzibar, wana ndoa hao walikutana na Mwingereza Eric Hunt, nahodha wa jahazi liitwalo Nduwaro, aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na visiwa vya Komoro. Alichukua vikaratasi akaenda navyo. Huko Komoro, chini ya utawala wa Wafaransa, hakuna aliyehitaji kufundishwa juu ya samaki huyo. Wavuvi wa Anjouan, ambao kwao kisiwa huitwa Nzwani, walimwita gombesa. Walimpata mara moja moja kwenye vina virefu usiku, wakamla akiwa ametiwa chumvi ingawa hakuwa mtamu, na magamba yake makali waliyatumia kukwaruzia mpira wa baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Kilichokuwa fumbo la miaka milioni 66 huko Ulaya, Nzwani kilikuwa kifaa cha fundi baiskeli.

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah, ambaye vitabu vingine humwita Ahmed Hussein, alimvua gombesa karibu na Domoni. Kesho yake sokoni, alipokuwa karibu kukatwa vipande, mwalimu Affane Mohamed alimlinganisha na picha ya tangazo akazuia kisu. Samaki alibebwa kupita milimani, mwendo wa karibu kilomita 40, mpaka Mutsamudu lilikotia nanga jahazi la Hunt. Formalini haikuwapo. Hunt alimpasua samaki ili chumvi iingie ndani, akatweka kwenda Dzaoudzi, kisiwani Mayotte, na huko akapata formalini kwa mganga. Tofauti na mwaka 1938, hakuna aliyetupa matumbo.

Simu ya Hunt ilimkuta Smith melini bandarini Durban tarehe 24 Desemba. Krismasi tena! Ofisi zimefungwa, joto kali, na samaki yuko zaidi ya kilomita elfu mbili mbali. Smith, ambaye alikwisha kukosa matumbo ya wa kwanza kwa ajili ya sikukuu, hakukubali. Alipiga simu kwa kila mkubwa aliyemjua, na usiku wa tarehe 26 akamfikia Waziri Mkuu mwenyewe, D.F. Malan, aliyekuwa likizoni. Ilitokea kwamba kitabu cha Smith kilikuwapo katika nyumba hiyo, na Waziri Mkuu akaagiza jeshi la anga litoe ndege.

Tarehe 29 Desemba ndege ya kijeshi aina ya Dakota, nambari 6832, ilitua Pamanzi, Mayotte. Marubani hao, ambao walizoea kubeba askari na zana, walikuwa wametumwa kuchukua samaki. Smith alipofunuliwa sanduku alipiga magoti akalia machozi mbele ya wote. Alimlipa mvuvi zawadi yake, akapakia sanduku, akaondoka upesi kabla Wafaransa hawajabadili mawazo. Njiani marubani walimtania kwamba ndege za kivita za Wafaransa zimeruka kuwafuata, na mzee huyo akaamini kwa muda. Utani wa wanaanga, kama mjuavyo, hauna huruma.

Haifai kulipita jambo lililofuata bila kulitazama. Malan ndiye aliyeingiza ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi yake tangu mwaka 1948. Smith alimpelekea samaki amwone, akampa samaki huyo jina la Malania anjouanae kwa heshima yake, kwa kuwa samaki huyo alikosa pezi moja la mgongoni na Smith akadhani ni jamii mpya. Mvuvi mwenye ngozi nyeusi aliyemtoa samaki baharini usiku, na mwalimu aliyezuia kisu, hawakuingia katika jina. Baadaye iligunduliwa kwamba pezi lilikosekana kwa ajali tu, samaki ni Latimeria yule yule, na jina la Malan likafutwa katika orodha ya sayansi. La Latimer lingalipo.

Wafaransa nao walikasirika. Walipiga marufuku wageni kumtafuta silikanti katika visiwa vyao, na samaki waliofuata, kuanzia yule wa Septemba 1953, walipelekwa Paris kwa Profesa Jacques Millot. Huko, katika matangi ya formalini, siri za ndani zikafunuliwa moja moja: mahali pa uti wa mgongo pana mrija uliojaa majimaji, kiungo kilichokuwa pafu kimejaa mafuta, ubongo ni mdogo mno, nao umelala katika pembe ndogo ya fuvu, nafasi iliyobaki ikiwa mafuta. Smith, aliyeifungua njia, aliyasoma hayo katika maandishi ya wengine. Mwaka 1956 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake juu ya samaki huyo, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka huo huo Nahodha Hunt alipotea baharini jahazi lake lilipogonga mwamba.

Profesa aliendelea na kazi, akiwapa majina mamia ya samaki wa bahari ya Hindi. Mwili wake, uliodhoofishwa tangu vita ya Afrika Mashariki, ulizidi kumwelemea, na macho yakaanza kumchosha. Januari 1968, mwenye umri wa miaka 70, alijitoa uhai kwa sumu mjini Grahamstown. Mkewe hakuuacha mradi ule ufe naye. Alianzisha taasisi ya utafiti wa samaki kwa jina la mumewe, akaiongoza kwa miaka mingi mpaka alipostaafu, akafariki mwaka 1987.

Miaka saba baada ya kifo cha Smith, mwaka 1975, wataalamu wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York walimpasua silikanti jike aliyevuliwa Komoro mwaka 1962 na kuhifadhiwa mzima. Ndani yake walikuta watoto watano walioumbika kamili, kila mmoja akiwa bado na mfuko wake wa kiini. Swali la kutaga au kuzaa likajibiwa siku hiyo. Na samaki wa mwaka 1938? Kama alikuwa na la kusimulia, lilikwenda baharini pamoja na taka za mji wa East London.

Tangu hapo silikanti amezidi kukaribia kwetu. Mwaka 2001 alivuliwa Malindi, Kenya, na kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, wakitega nyavu za papa kwenye vina virefu, wamewapata kwa makumi. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yake. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba huishi karibu miaka mia moja na kwamba mimba yake huchukua yapata miaka mitano, kwa hiyo kila jike anayekufa wavuni ni hasara isiyolipika upesi. Biashara yake kati ya nchi na nchi, akiwa hai, akiwa amekauka au akiwa nyara ya ukutani, imepigwa marufuku na mkataba wa CITES, ambao Burundi nayo ni mwanachama. Askari wa forodha aliyeko Kobero huenda asimwone samaki huyo maisha yake yote, lakini sheria inamhusu sawa na pembe ya ndovu.

Wavuvi wa starehe nao wamebadilika. Wengi siku hizi hupima samaki, humpiga picha na kumrudisha majini akiwa hai, kisha fundi huwatengenezea sanamu ya nyuzi za kioo na gundi kwa vipimo vile vile. Sanamu hiyo haivuji mafuta wala haina harufu.

Marjorie Courtenay-Latimer alifariki mwezi Mei 2004, akiwa na umri wa miaka 97. Samaki wake bado yumo katika makumbusho ya East London, ndani ya kioo. Buluu ya chuma aliyoiona bandarini ilikwisha kugeuka kahawia, na ndani ya ngozi hiyo mna kazi ya mikono ya Bwana Center.